Barbara Jordan, wakili aliyeingia Seneti ya Texas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeamua kuandika haya maswali sehemu moja kwa sababu kila nikimtaja huyu mama watu wanauliza yaleyale, na wengi wanamjua kwa hotuba moja tu, ile ya 1974 kuhusu kumshtaki Rais Nixon, halafu basi. Hotuba ni kubwa kweli, siikatai. Ila kwangu mimi kazi yenyewe aliifanya kabla ya hapo, kule Austin, mji mkuu wa Texas, ndani ya ukumbi wenye wanaume 30 na yeye mmoja. Hiyo miaka ya Austin watu wanairuka na ndiyo hasa nataka tuiongelee hapa.

Barbara Jordan ni nani, kwa kifupi?

Mwanasheria na mwanasiasa wa Texas, Marekani. Alizaliwa Houston tarehe 21 Februari 1936, alifariki Austin tarehe 17 Januari 1996. Alikuwa seneta wa jimbo la Texas kuanzia 1967 mpaka mwisho wa 1972, kisha akaenda Congress, yaani bunge la nchi nzima, huko Washington mpaka mwanzoni mwa 1979, baada ya hapo akawa mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kukaa Seneti ya Texas tangu 1883, na mwanamke mweusi wa kwanza kabisa humo.

Seneta wa jimbo ndo nini? Ni kama maseneta wa Kenya?

Hapana, na hapa wengi wanachanganya. Sisi tukisema jimbo tunamaanisha eneo la uchaguzi la mbunge. Marekani jimbo ni kama nchi ndogo, lina gavana wake, mahakama zake, katiba yake na bunge lake lenye nyumba mbili. Kwa hiyo Texas ina Seneti yake yenye watu 31, inakaa Austin, haina uhusiano na ile Seneti ya Washington. Mambo ya shule, polisi, mishahara, nani aandikishwe kupiga kura na vipi, kwa sehemu kubwa yanaamuliwa huko kwenye jimbo. Ndo maana nasema ukitaka kujua maisha ya mtu wa kawaida Marekani yanaendaje usiangalie Washington peke yake.

Alitoka familia yenye uwezo?

Hapana. Alikulia Fifth Ward, mtaa wa weusi Houston. Baba yake, Benjamin, alikuwa anafanya kazi ghalani na pia ni mhubiri wa Kibaptisti, mama yake Arlyne naye alikuwa msemaji mzuri kanisani. Nyumbani nidhamu kali. Mtu aliyemlegezea kamba kidogo ni babu yake mzaa mama, John Ed Patten, mzee wa kununua na kuuza vyuma chakavu na matambara, Jumapili wengine wakirudi kanisani Barbara anakaa na babu wanapanga na kupima mzigo, na mzee anamfundisha Biblia kwa namna yake mwenyewe. Ukisikiliza jinsi Barbara alivyokuja kuongea baadaye, kila neno linatamkwa mpaka mwisho, hakuna haraka, unajua kabisa huyu kalelewa kwenye mimbari.

Wazo la uwakili lilitoka wapi?

Akiwa sekondari, Phillis Wheatley, siku moja alikuja kuongea na wanafunzi wakili mweusi kutoka Chicago anaitwa Edith Sampson. Barbara akamsikiliza, akasema mimi nitakuwa hivyo. Hakuwa anajua kazi yenyewe ikoje, hakuwahi kumuona mwanamke wakili kabla ya siku ile. Mimi hiki kisa nakipenda sana, maana kutembelea shule mara moja tu, saa moja labda, na huwezi kujua mtoto gani aliyekaa nyuma kaondoka na nini.

Mbona alisoma Boston, Texas hakukuwa na vyuo?

Vilikuwepo. Ila 1952 alipomaliza sekondari Chuo Kikuu cha Texas kilikuwa bado hakichukui weusi kwenye digrii ya kwanza. Akaenda Texas Southern, chuo cha weusi palepale Houston, ambacho serikali ya jimbo ilikianzisha 1947 kwa sababu kijana mmoja mweusi, Heman Sweatt, alikuwa amewashtaki anataka kuingia kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Texas, wao badala ya kumfungulia mlango wakaona bora wajenge chuo kingine pembeni. Yaani hapo ndo Barbara aliposomea. Alikuwa kwenye timu ya mdahalo chini ya kocha Thomas Freeman, na wakatoka sare na timu ya Harvard, wao wenyewe waliihesabu kama ushindi.

Alimaliza 1956, akaenda sheria Boston University. Kule aliumia. Aligundua kwamba pamoja na kuwa alikuwa mwanafunzi bora nyumbani, wenzake weupe walikuwa wameanza kusoma vitu ambavyo yeye hajawahi hata kuvisikia. Alikuwa anakesha anasoma, na yeye na wanafunzi wenzake weusi wakatengeneza kikundi chao cha kusoma. Alikuja kusema wazi kwamba hapo ndo alielewa kuwa elimu iliyotengwa haiwezi kuwa sawa hata waipambe vipi. Akamaliza 1959, darasa lao lilikuwa na wanawake weusi wawili tu.

Alianza uwakili vizuri?

Alianzia kwenye meza ya chakula ya wazazi wake. Si mfano, ni meza kweli. Alifundisha kwanza mwaka mmoja Tuskegee, kisha 1960 akarudi Houston na leseni yake, ofisi hana, mtaji hana, wateja wanakuja sebuleni kwa mama yake na karatasi zao, ni zile kesi ndogondogo za mtaani, talaka, wosia, mirathi, mtu kadhulumiwa kiwanja. Ilichukua kama miaka mitatu mpaka akapata ofisi yake Lyons Avenue, mtaa uleule.

Mtu mwenye kesi chache anakuwa na muda. Ule mwaka 1960 akaenda kujitolea kampeni ya urais ya Kennedy na Johnson, akapewa kazi ya kulamba stempu na kufunga bahasha. Siku moja msemaji aliyepangwa kwenda kanisani hakutokea, wakamtuma yeye. Baada ya hapo hakuna mtu aliyemrudisha kwenye bahasha tena. Pia akasaidia kupanga zile timu za mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, kuhakikisha weusi wa Houston wanajitokeza kupiga kura.

Ni kweli alishindwa uchaguzi mara mbili?

Kweli, 1962 na 1964, zote kugombea nyumba ya chini ya bunge la Texas, na zote alishindwa kwenye kura za maoni ndani ya chama cha Democrats. Siku hizo Texas ukishinda kura za maoni za Democrats umeshinda, Republicans walikuwa karibu hawapo.

Sababu haikuwa uvivu. Wagombea wa nyumba ya chini kutoka kaunti ya Harris walikuwa wanachaguliwa na kaunti nzima, Houston yote na pembezoni zake. Weusi walikuwa wachache ndani ya kaunti nzima, kwa hiyo hata wote wakimpigia hazitoshi, na wazungu waliokuwa wanamwambia hotuba yako nzuri sana hawakumpigia. Alizoa Fifth Ward karibu yote, akapotea kwingine. Halafu kulikuwa na kodi ya kura. Wazee wetu wanaijua kodi ya kichwa ya mkoloni, sasa hii ilikuwa unalipa ili uruhusiwe kupiga kura, Texas ilikuwa dola moja na nusu na kaunti inaweza kuongeza senti 25, na unatakiwa kulipa miezi kabla ya uchaguzi. Kwa mfanyakazi wa ndani wa wakati ule hiyo ni hela.

Baada ya 1964 alikaa akajiuliza kama hiyo siasa inamfaa. Wapo waliomshauri ahamie kaskazini au aolewe atulie. Akabaki.

Kwahiyo 1966 ilibadilika nini?

Mahakama. Hii ndo sehemu ambayo mtu wa sheria ataipenda. 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Reynolds v. Sims kwamba maeneo ya uchaguzi ya mabunge ya majimbo lazima yawe na watu wanaokaribiana idadi, kura ya mtu mmoja isizidi uzito ya mwingine. Texas ikalazimika kuchora mipaka upya, miji mikubwa ikaongezewa viti, na Houston ikapata eneo jipya la Seneti, namba 11, ambalo ndani yake kulikuwa na mitaa mingi aliyokuwa ameshashinda mara mbili. Alichukua matokeo yake ya zamani akayapitia kituo kwa kituo, akaona kumbe hapa nimeshashinda tayari. Na mapema 1966 mahakama ya shirikisho ikaifuta kodi ya kura kwenye chaguzi za jimbo.

Akapambana na J. C. Whitfield, mwanasiasa mzoefu mweupe, akamshinda vibaya, karibu kura mbili kwa moja. Mwaka huohuo weusi wawili waliingia nyumba ya chini, Curtis Graves wa Houston na Joe Lockridge wa Dallas. Huyo Graves mkumbuke, tutarudi kwake.

Useneta ulimlipa?

Hapana, na hili linaeleza mengi kuhusu kwanini mabunge ya majimbo yamejaa mawakili. Bunge la Texas linakutana kikao cha kawaida siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, na wakati wake mshahara ulikuwa dola 4,800 kwa mwaka. Leo ni 7,200, haijapanda tangu 1975. Sasa nani anaweza kuacha kazi miezi mitano akarudi akaikuta? Mwalimu hawezi, dereva hawezi. Wakili anaweza, na sheria ya Texas inamruhusu wakili mbunge aombe kesi zake ziahirishwe bunge likiwa kwenye kikao. Tajiri pia anaweza. Barbara hakuwa tajiri, alikuwa na ile ofisi ya Lyons Avenue.

Walimpokeaje Austin?

Siku ya kuapishwa Januari 1967 jukwaa la wageni lilijaa watu wake kutoka Houston, walipomuona anaingia wakaanza kushangilia, na kanuni hairuhusu. Akawaangalia juu, akaweka kidole mdomoni. Wakanyamaza. Mimi huwa nasimama hapo, maana watu wale walikuwa wamesubiri miaka 84 na ile siku ilikuwa ya kwao kabisa, lakini yeye alikuwa ameshaanza kazi. Hakutaka wale 30 wapate sababu hata moja ya kusema huyu hajui taratibu.

Alisoma kanuni za Seneti mpaka akazijua kuliko wakongwe. Hakukimbilia mikrofoni. Alikaa nao, akanywa nao, akaimba nao, akajua kila mmoja anataka nini kwa watu wake na anaogopa nini. Kulikuwa na waliokuja na kebehi mwanzoni na wakaishia kumuomba ushauri wa kisheria kwenye miswada yao. Na Februari 1967, hana hata miezi miwili, Rais Lyndon Johnson akamwita Ikulu pamoja na viongozi wa haki za raia kuongelea muswada wa haki, tangu hapo Johnson akawa kama mzee wake kwenye siasa.

Nipe mfano mmoja wa hiyo kazi yake ya chinichini.

Muswada wa uandikishaji wapiga kura. Kodi ya kura imefutwa, basi mwaka 1967 ukaletwa muswada ambao ungeweka masharti mapya ya kujiandikisha, na yeye aliona wazi unakokwenda, ni kuwarudisha walewale nje kwa mlango mwingine. Sasa Seneti ya Texas ilikuwa na utaratibu kwamba ili muswada ufike mezani kujadiliwa unahitaji theluthi mbili, watu 21 kati ya 31. Maana yake 11 wakikataa, muswada umekufa bila hata mjadala. Yeye ni mmoja, anahitaji kumi.

Hakupiga kelele wala kuita waandishi wa habari. Akazunguka kwa mmoja mmoja, huyu alimsaidia jambo lake mwezi uliopita, yule ana weusi na Wamexico wengi kwenye eneo lake. Alipopata kumi wake akaenda kwa mwenye muswada akamwambia hesabu imetimia, na muswada haukuletwa. Hakuna hotuba hapo ya kuwekwa kwenye kumbukumbu, na nadhani ndo maana watu hawaijui. Lakini hebu fikiria ni watu wangapi wa mtaa wake waliendelea kupiga kura kwa sababu ya ule mzunguko wa korido.

Alipitisha sheria gani?

Kima cha chini cha mshahara cha kwanza cha jimbo la Texas, tume ya haki katika ajira, vifungu vya kukataza ubaguzi kwenye mikataba ya biashara, na maboresho kwenye fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Ukiangalia zote zinahusu watu wanaofanana na baba yake wa ghalani. Alipewa kipindi kifupi cha miaka miwili kwanza, 1968 akachaguliwa tena kipindi kamili cha miaka minne.

Gavana wa siku moja, ile ilikuwaje?

Tarehe 28 Machi 1972 maseneta walimchagua kwa kauli moja kuwa rais wa muda wa Seneti. Kauli moja, wote, miaka mitano baada ya kuingia. Texas kuna desturi kwamba gavana na naibu gavana wanatoka nje ya jimbo kwa makusudi siku moja ili rais wa muda akaimu ugavana, kwa hiyo tarehe 10 Juni 1972 Barbara Jordan akawa gavana wa Texas kutwa nzima. Ni heshima tu, lakini hakuna mwanamke mweusi aliyekuwa amewahi kukaimu ugavana popote Marekani.

Mabasi yalikuja kutoka Houston, kwaya, wazazi wake wapo. Siku hiyohiyo baba yake akapata kiharusi palepale kwenye sherehe, akapelekwa hospitali, kesho yake akafariki. Mzee Benjamin, wa ghalani na mimbarini, aliishi akamuona binti yake amekaa kwenye kiti cha gavana, na siku ya pili hakuimaliza. Mimi hii huwa siwezi kuisimulia kwa haraka.

Watu weusi wote walimuunga mkono?

Hapana, na tuwe wakweli. 1971 mipaka ilichorwa tena na yeye alikuwa ndani ya kamati iliyochora maeneo ya Congress. Likatoka eneo jipya la 18, katikati ya Houston, ambalo lilimkaa vizuri kabisa. Wakati huohuo eneo lake la Seneti ya jimbo likakatwakatwa kiasi kwamba mweusi mwingine asingeweza kushinda. Curtis Graves, yule wa 1966, akamshutumu hadharani kwamba ameuza kiti cha weusi ili apandishwe yeye, akagombea naye kura za maoni 1972. Barbara akamshinda, akapata karibu asilimia 80 ya kura.

Ushindi haukujibu swali lakini. Baada yake Seneti ya Texas ilikaa bila mweusi mpaka 1983 alipoingia Craig Washington. Naona Graves alikuwa na hoja, ingawa pia sijui kama mtu mmoja kati ya 31 angeweza kuzuia wenye wino wasichore walichotaka. Kuna pia suala la 1975, alikwenda mahakamani kutoa ushahidi wa tabia njema kwa John Connally, gavana wa zamani, kwenye kesi ya rushwa. Connally aliachiwa, ila watu wengi wa Houston hawakufurahi, maana Connally hakuwa rafiki wa haki za weusi.

Hotuba ya Nixon je?

Fupi, maana imeandikwa sana. Alipoingia Congress Januari 1973 Johnson alikuwa amemsaidia apangwe Kamati ya Sheria, na ni kamati hiyo iliyokuja kuamua kama ipendekeze Nixon ashtakiwe. Julai 1974, mbele ya televisheni, akapewa dakika zake 15. Hakumtukana Nixon hata mara moja. Alianza na yale maneno ya mwanzo ya katiba, sisi wananchi, akasema ilipoandikwa yeye hakuwamo, kisha akachukua maneno ya waandishi wa katiba kuhusu sababu za kumshtaki rais akayaweka pembeni ya matendo ya Nixon, moja baada ya jingine, kama wakili anayejenga kesi kwa wazee wa baraza. Nixon akajiuzulu Agosti 9. Yule aliyekuwa Austin anajua kanuni kuliko wakongwe ndo huyuhuyu.

Kazi yake nyingine Congress ambayo haitajwi ni 1975, sheria ya haki ya kupiga kura ilipoongezwa muda akahakikisha inaifikia Texas na kuwalinda wasiozungumza Kiingereza, wengi wao wenye asili ya Mexico. Ni ileile vita ya 1967.

Kwanini aliacha siasa akiwa juu vile?

Kulikuwa na ugonjwa. Tangu 1973 aligundulika na multiple sclerosis, ugonjwa unaoshambulia mishipa ya fahamu, na hakusema hadharani. Baada ya kuhutubia mkutano mkuu wa Democrats New York 1976, mweusi wa kwanza na mwanamke wa kwanza kutoa hotuba kuu pale, watu walimtaja hata kwa umakamu wa rais. Carter alipounda serikali yeye alitaka nafasi ya mwanasheria mkuu na si nyingine, hakupewa. Kipindi kilipoisha hakugombea tena.

Akaenda kufundisha Austin, Chuo Kikuu cha Texas, kilekile ambacho 1952 kisingemchukua. Kozi yake ya maadili ilijaa mpaka wanafunzi wanapigiwa bahati nasibu nani apate kiti. Mwishoni alifundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na 1992 akapelekwa nacho jukwaani kuhutubia mkutano mkuu tena, sauti ileile.

Amezikwa wapi?

Makaburi ya Jimbo la Texas, Austin, mahali wanapozikwa magavana, majenerali na waasisi wa Texas. Ni mweusi wa kwanza kuzikwa hapo.